Ushauri: tuna majina matatu ya mgombea mwenza wa 2027, tuyachuje vipi?

Karani_wa_Meza
Wadau, salaam. Muungano wetu (sitautaja) umeshapata mgombea urais wa Kenya. Mezani kuna majina matatu ya mwenza: gavana anayemaliza muhula wa pili, katibu wa wizara moja, na mbunge wa muhula wa kwanza ambaye mitandaoni anavuma kuliko sote. Kila chama tanzu kinavutia kwake. Nataka kujua tuanze na kichujio gani, hesabu ya kura ifanywe vipi, na hao wawili watakaoachwa tuwashike vipi wasiondoke na watu wao. Matusi ya kikabila yabaki kwenye nyuzi zake, tafadhali.

WakiliMtaratibu
Anzeni na sheria. Ibara ya 148 ya Katiba inamtaka mwenza awe na sifa zilezile za mgombea urais: raia wa kuzaliwa, anayestahili kugombea ubunge, asiye na utiifu kwa dola nyingine. Sheria ya Uchaguzi inaongeza digrii ya chuo kikuu kinachotambuliwa Kenya. Kitu kimoja tu amesamehewa: sahihi. Zile 2,000 kutoka kila kaunti katika kaunti 24 anazikusanya bosi wake peke yake.

Halafu lisomeni hili mara mbili. Jina likishapokelewa na IEBC, tume ya uchaguzi, halibadilishwi. Nigeria mwaka 2022 vyama kadhaa vilipeleka jina la kushikilia nafasi ili kuwahi tarehe, kisha vikabadilisha. Chama cha APC kilimweka Kabir Masari, baadaye akaja Shettima. Mchezo huo hapa hauchezeki.

Na afya si suala la umbea. Ibara ya 138(8) inasema mgombea wa unaibu rais akifariki siku ya uchaguzi au kabla yake, uchaguzi wote wa urais unafutwa na kuitishwa mwingine ndani ya siku 60. Ombeni ripoti ya daktari, tena isomwe na daktari wenu, si na mwanasiasa.

Kikokotoo47
Kwenye kura ndipo watu wengi hukosea. Wanauliza, "Ana kura ngapi?" Swali ni anaongeza ngapi juu ya zile mtakazopata hata asipokuwepo, na anafukuza ngapi kwingine.

Chukua mfano wa kubuni. Kaunti ya nyumbani kwake ina wapigakura 300,000, wanajitokeza asilimia 65, yaani 195,000. Bila yeye mnapata asilimia 60, kura 117,000. Mkiwa naye mnafika 75, kura 146,250. Faida ni 29,250, na hapo kila mtu ofisini anapiga makofi. Sasa nenda kwenye ngome ya yule aliyeachwa: wapigakura 400,000, asilimia 80 wenu. Hawahami, wananuna tu, na wanaojitokeza wanashuka kutoka asilimia 70 hadi 62. Mlikuwa na 224,000, mmebaki na 198,400. Mmepoteza 25,600. Faida yenu ya kweli ni kura 3,650. Hiyo hata gharama ya mabango haifidii!

Mkumbuke 2022 Ruto alipata asilimia 50.49, akavuka nusu kwa kura takriban 70,000 nchi nzima. Kwenye mbio za namna hiyo, kununa kwa kaunti mbili kunatosha kuwapeleka duru ya pili. Msisahau kigezo cha mshindi kupata asilimia 25 ya kura katika kaunti 24: mwenza anayewapandisha kutoka 20 hadi 26 kwenye kaunti tatu ndogo anaweza kuwa na thamani kuliko anayewaongezea 10 pale mnapopata 70 tayari.

Bibi_Takwimu
Naongezea kwa @Kikokotoo47: asili si kura. Martha Karua ni wa Kirinyaga, muungano wa Azimio ukamtangaza mwenza wa Raila tarehe 16 Mei 2022, na Kirinyaga ikampa Ruto kura nyingi kupindukia. Wenyeji walikuwa wameshaamua. Mwenza huvuta mahali penye wanaoyumba. Penye msimamo anabaki mgeni wa heshima. Pimeni kila jina kwa kura ya maoni, sampuli tofauti, swali moja: "Tiketi ikiwa A na B, utampigia nani?" Msiulize "unampenda B?" Watu hupenda wengi.

Karani_wa_Meza
Asanteni. Huyu mbunge ndiye anayeongoza kwenye "unampenda". Kumbe.

MzeeWaChamwino
Mkuu, sisi huku Tanzania Katiba inatupunguzia kazi: ibara ya 47 inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Mgombea akiwa wa Bara, unachagua Zanzibar, basi. Lakini usidhani ni nafasi ya kupamba bango. Mwaka 2015 wangapi walimtazama Samia kama rais ajaye? Machi 19, 2021 akaapishwa, siku mbili baada ya kifo cha Magufuli. Kwenu pia Naibu ndiye anayemalizia muhula. Kwa hiyo kwenye fomu yenu ya alama wekeni mstari huu: "Anaweza kuendesha nchi kesho asubuhi?" Akikosa hapo, alama nyingine zote zifutwe.

Kikokotoo47
Mzee, mkifuta alama zote hatubaki na mtu 😂

MzeeWaChamwino
Basi mna tatizo kubwa kuliko mwenza.

FailiJekundu
Upekuzi. Kamati iwe ya watu watatu au wanne, wakili, mhasibu, na mtu anayejua magazeti, na asiwepo hata mmoja anayetoka chama cha mtahiniwa. Kila jina lipewe dodoso la maandishi, alijaze mwenyewe, atie sahihi kila ukurasa. Mdomo haukubaliki. Marekani mwaka 1972 upekuzi wa mgombea urais McGovern ulikuwa wa harakaharaka. Mwenza wake, Eagleton, hakusema kwamba aliwahi kulazwa na kutibiwa kwa mishtuko ya umeme. Alidumu siku 18 kwenye tiketi.

Kwenye karatasi, mambo madogo ndiyo yanayoumiza. Kitambulisho kina majina matatu, digrii ina mawili, na moja limeandikwa kwa "y" badala ya "i". Mpinzani ataiita digrii ya mtu mwingine. Kiapo cha majina kiandaliwe mapema. Digrii ya nje ipelekwe kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na msingoje wiki ya mwisho. Cheti cha kodi, cha mwenendo mwema, fomu ya kujieleza ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Kampuni zote, pamoja na za mke au mume na watoto, na zabuni zilizopata serikalini. Kesi zote, hata zilizokwisha. Gavana wenu nitamwanzia kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu, mwaka kwa mwaka tangu aingie ofisini.

WakiliMtaratibu
Kuhusu wanaoachwa: ahadi za usiku hazina mshiko. Ziandikwe kwenye mkataba wa muungano, na mkataba wa chama cha muungano unawasilishwa kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya uchaguzi, yaani mapema Aprili 2027. Baada ya hapo mnabembelezana tu. Watu wawili wasiochaguliwa waambiwe na mgombea mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya tangazo. Wakisikia redioni, mmewapoteza.

Pia chagueni mtu mnayeweza kuishi naye. Rais hawezi kumfuta Naibu. Kumbandua kunahitaji theluthi mbili ya Bunge, wabunge 233, kisha theluthi mbili ya Seneti. Naibu Rais Gachagua aliondolewa Oktoba 2024 kwa njia hiyo, kura 281 bungeni, Seneti ikathibitisha tarehe 17, na muungano uliomweka ukapasuka katikati.

Bibi_Takwimu
Na gavana ana faida moja isiyosemwa: kiti chake anakiacha hata hivyo. Mbunge anaacha kiti anachoweza kukitetea, na mkishindwa amebaki nje miaka mitano. Muulizeni kama mkewe analijua hilo.

Karani_wa_Meza
Nimeelewa. Basi wacha niseme wazi, wazee wa muungano wanaelekea kwa katibu wa wizara. Hana kesi, hana adui, digrii mbili. Anasema atajiuzulu tukishamtangaza, mwezi Mei.

FailiJekundu
Mei?!

WakiliMtaratibu
Ndugu yangu, mtumishi wa umma anatakiwa kuacha kazi angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Msamaha wanao rais, naibu wake, wabunge, magavana, manaibu wao na madiwani. Katibu wa wizara hayumo. Uchaguzi ni Agosti 10, hivyo Februari 10 ikimkuta ofisini ametoka kwenye orodha, hata mkimpenda vipi. Barua aipeleke Januari, na nakala yake irudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ikae kwenye faili lenu, si lake.