Tupeane uzoefu: siku mbili za mwisho za ziara ya basi, Malindi hadi Tanga kupitia Horohoro

Mwanzilishi wa uzi

Wakuu, habari za jioni. Vikundi vya hapa Tanga vinavyokwenda Mombasa na Malindi vimekuwa vingi, na karibu vyote vinapanga siku ya kwanza kwa uangalifu mkubwa: sare zimeshonwa, sambusa zimefungwa, saa ya kuondoka inajulikana hadi dakika. Safari ya kurudi ndiyo huachwa, "tutajua hukohuko". Matokeo yake watu 49 wanafika mpakani Horohoro giza limeingia, mmoja hana karatasi, mwingine ana mzigo usioeleweka, na wote wanamsubiri.

Naomba tusisimulie nani alipotelea wapi. Kila mwenye kazi yake aweke anachokijua: hatua, vipimo, kinachoharibika na kwa nini. Mfano wetu uwe ziara ya siku 5. Siku ya 4 ni Malindi kwenda Mombasa na kulala, siku ya 5 ni Mombasa kwenda Tanga.

Mwongozaji, Chumbageni

Ahsante kwa uzi. Kosa la siku ya 4 ni kulimbikiza. Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120, mtu akitazama ramani anaona njia fupi, basi anapachika Nguzo ya Vasco da Gama, Gede, kuogelea Watamu, chakula Kilifi na soko la Kongowea. Haiwezekani. Kundi la watu 49 linatumia si chini ya dakika 20 kushuka na kupanda tu kwenye kila kituo. Vituo vitano ni zaidi ya saa moja na nusu imekwenda mlangoni mwa basi.

Ushauri wangu ni Gede asubuhi, kabla jua halijawa kali, kisha sehemu moja tu ya kula. Gede wapeni saa moja na nusu kamili. Ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na mwaka 2024 umeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Msiishie kupiga picha kwenye jumba la mfalme. Mwombeni mwenyeji awafikishe kwenye kaburi lenye tarehe: limechongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Sogeeni karibu mtazame lipu ya chokaa ilivyokaa juu ya jiwe la matumbawe. Mtu wa Tanga aliyewahi kufika magofu ya Tongoni atatambua mara moja, ni mikono ileile ya mafundi wa pwani, makaburi ya nguzo yaleyale. Inaniuma kuona kundi linaloishi kilomita chache tu kutoka Tongoni linapita Gede kwa dakika 20 kwa sababu linawahi viatu vya Kongowea.

Vaeni viatu vya kufunika vidole. Mizizi imeinua ardhi na mawe yana ncha, ndala hukatika na watu wazima hujikwaa.

Baada ya hapo hesabuni kurudi nyuma: muwe mmeshapita Mtwapa kabla ya saa 9 alasiri. Kuanzia jioni magari ya Mtwapa na Nyali hujaa na hesabu yote inavurugika.

Mama Msafara, Ngamiani

Nakuunga mkono mwanangu, ila Kongowea hamuwezi kuwanyima watu. Kuna waliochangia mwaka mzima kwenye kikoba kwa ajili ya hiyo siku. Dawa yake ni kuitenga: wakishaingia hotelini saa 10 jioni, wanaotaka soko waende na mtu mmoja anayelijua, wanaotaka leso waende Mtaa wa Biashara, na wote wawe wamerudi saa 1 usiku. Asubuhi ya siku ya 5 hakuna manunuzi. Hili lisemwe Tanga kabla ya kupokea hela ya mtu yeyote, si Mombasa.

Mimi naleta mambo ya hela na hoteli. Bili za ziada (soda, kufuliwa nguo, chakula cha chumbani) zilipwe usiku wa mwisho baada ya kula. Piga hesabu: vyumba 25, mhudumu mmoja mapokezi, dakika 3 kila chumba, hizo ni dakika 75. Mkiziacha asubuhi, safari ya saa 12 inakuwa ya saa 1 na robo na foleni za njiani zinawakuta katikati.

Asubuhi kila chumba kikaguliwe na watu wawili, mmoja analala humo na mwingine wa chumba jirani. Jicho geni ndilo linaloona. Vinavyosahaulika ni vilevile siku zote: chaja ukutani, kanga iliyoanikwa bafuni, dawa za presha kwenye droo ya kando ya kitanda, na pasi ya kusafiria chini ya mto.

Bahashishi ikusanywe usiku wa siku ya 3, wakati watu bado wana hela. Kupitisha kofia ndani ya basi siku ya mwisho ni aibu kwa asiyekuwa nacho, na dereva anawaona kwenye kioo. Pendekezo langu ni shilingi 10,000 za Tanzania kwa kila abiria, iingie kwenye bahasha tatu: 5,000 dereva, 3,000 mwongozaji, 2,000 utingo. Wenyeji wanaotembeza Mji wa Kale wapewe chao palepale, kwa shilingi za Kenya.

Mchangiaji, Raskazone

Shikamoo mama. Na hela ya Kenya iliyobaki?

Mama Msafara, Ngamiani

Marahaba. Sarafu zimalizeni Mombasa, kwa sababu wabadilishaji wengi wanachukua noti tu. Nunueni maji na korosho za njiani. Noti badilisheni kwenye duka la kubadilisha fedha mjini, upewe risiti. Mpakani wapo wanaobadilisha kwa mkono, na mchezo wao mmoja ni kukunja noti katikati ya bunda, ukihesabu kingo unaihesabu mara mbili. Kama ni lazima, toa noti moja moja na kuzilaza bapa. Na mkiona noti ya zamani ya Kenya ya 1,000, ile iliyofutwa mwaka 2019, msiipokee, ni karatasi tu.

Dereva, Kange

Niingie na mimi. Nasema na viongozi wa vikundi, kwa sababu dereva mnamlaumu kwa mambo mnayomfichia.

Jambo la kwanza ni uzito. Mkienda basi ni jepesi, mkirudi kila mtu ana kilo 10 za ziada na hakuna anayesema. Basi la watu 49, hizo ni kilo 490. Coaster ya 29 ni kilo 290, sawa na kubeba watu wazima wanne juu ya siti. Mzigo ukitupwa wote nyuma ya ekseli ya nyuma, mkia unakaa na pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki inachelewa kushika. Mzigo mzito ukae chini, karibu na katikati ya gari. Mabegi laini ndiyo yapande juu na nyuma. Beba mizani ya ndoano, ile ndogo ya kushika mkononi, na mpime usiku wa mwisho pale hotelini, si asubuhi.

Upepo wa tairi upimwe alfajiri tairi likiwa baridi. Tairi lililokwisha tembea husoma juu, ukilipunguza upepo kwa kuamini kipimo hicho, kesho yake linakuwa laini chini ya mzigo, linachemka na kupasuka.

Mpangilio wa buti uko kinyume na mnavyodhani. Anayeshuka mwisho ndiye mzigo wake unaingia mwanzo. Tukitoka Horohoro tunaanza kushusha Amboni, kisha mjini, mwisho Kange. Kwa hiyo mabegi ya Kange ndani kabisa, ya mjini katikati, ya Amboni mlangoni. Fungeni kila begi kipande cha kitambaa: rangi moja kwa kila kituo, na namba ya siti iandikwe kwa kalamu isiyofutika. Karatasi ya kubandika hulowa na kubanduka.

Kuhusu njia ya kutoka Mombasa, mimi napita barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu. Unatoka Miritini, unaibukia Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda, na hakuna abiria anayeinuka kwenye siti.

Dereva mwingine, Mikanjuni

Kaka, kwa heshima, Dongo Kundu si jibu la kila siku. Kundi likilala kisiwani na siku ikiwa Jumapili asubuhi, kivuko cha Likoni ni karibu zaidi. Kuzunguka Changamwe hadi Miritini ni mafuta na muda.

Dereva, Kange

Ni kweli, ila Likoni abiria wote wanashuka na kuvuka kwa miguu. Kuvuka kwa miguu ni bure, sawa, lakini fikiria wazee, watoto, na umati wa siku ya kazi. Unawapoteza wawili unaanza kupiga simu. Atakayepita Likoni afanye hivi: buti lifungwe kwa kufuli, kundi ligawanywe makumi makumi na kila kumi liwe na kiongozi wake, na sehemu ya kukutana upande wa pili itajwe kabla ya kushuka. Watu wahesabiwe wakishaketi. Ukihesabu wakiwa wamesimama mlangoni utakosea.

Nesi, Makorora

Nichomekee la afya kwa ufupi. Chakula cha kuagana usiku wa mwisho ndicho huleta matumbo ya siku ya 5. Kamba na pweza vilivyokaa mezani saa kadhaa, saladi iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana, halafu mtu anafunga mabaki "ya njiani". Mabaki ya samaki yasipande basi. Njiani kuleni mkate, ndizi, korosho, mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyohiyo.

Kila basi liwe na pakiti 10 za chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Zikikosekana, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja. Msizidishe chumvi, kwa mtoto ni hatari. Na dawa za presha na kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie buti.

Wakala wa forodha, Horohoro

Wanajamvi, hapa ndipo safari nyingi zinapokwama, nitaeleza kwa kirefu.

Horohoro na Lunga Lunga ya upande wa Kenya ni kituo cha huduma kwa pamoja. Maana yake, mnaporudi Tanzania hamfanyi lolote upande wa Kenya, mnafanya yote ndani ya jengo la Horohoro: dirisha la Kenya la kutoka kwanza, kisha la Tanzania la kuingia. Tatizo ni kwamba madirisha yako ukumbi mmoja. Watu wanafuata mstari mfupi, wanagongwa muhuri wa kuingia Tanzania bila wa kutoka Kenya, wanaondoka wakifurahi. Safari inayofuata wanaulizwa walitokaje. Kiongozi asimame mlango wa kutokea, afungue kila pasi, aone mihuri miwili ya tarehe ileile.

Wenye pasi na wenye hati za dharura, yaani karatasi za safari za wasio na pasi, wasichanganyike mstari. Hati ya dharura inachukua muda zaidi, ikiwa katikati inawasimamisha wote walio nyuma. Orodha ya abiria iwe nakala nne: mbili za mpakani, moja ya kiongozi, moja ya dereva, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, si jina la mtaani.

Kuna kadi mbili za njano na watu wanazichanganya. Moja ni ya mwili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hakihitaji kurudiwa. Nyingine ni ya gari, bima ya COMESA inayotambulika nchi jirani. Kiongozi akiulizwa "kadi ya njano iko wapi" aulize kwanza ni ipi. Dereva naye ahakikishe kibali cha muda cha gari kimefungwa wakati wa kutoka. Kisipofungwa, gari linaendelea kuonekana liko Kenya.

Bidhaa sasa. Kinachotazamwa ni kitu kimetengenezwa wapi, si kimenunuliwa wapi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, huombewa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha zimetengenezwa wapi, palepale mpakani. Sabuni na biskuti za kiwanda cha Kenya zinaweza kuingia hapo. Redio au viatu kutoka China haviingii hata kama risiti ni ya Mombasa. Tunzeni risiti, na zikae na mwenye mzigo. Usimgawie jirani katoni zako akushikie: akiulizwa bei hajui, na hapo wote wawili mnaonekana mna la kuficha.

Rambo, yaani mifuko ya plastiki, ziacheni kabla ya mpaka. Kenya ilizipiga marufuku Agosti 2017 na sisi Juni 2019. Nunueni vikapu vya ukili. Miche na mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ganda la kasa msiguse kabisa, hata bangili yake.

Mchangiaji, Raskazone

Ikiwa mmoja amekwama, basi lisubiri au liondoke?

Wakala wa forodha, Horohoro

Lisubiri, lakini kwa utaratibu. Kiongozi msaidizi abaki naye, wengine wapande basi wakae kwenye siti, wasizunguke eneo la mizigo. Ndiyo maana nasema fikeni mchana. Mkiwa na saa tatu za mwanga mbele yenu, tatizo la mtu mmoja linatatulika bila kelele, na kilomita 65 zilizobaki hadi Tanga dereva anaziendesha akiona punda na ng'ombe wa barabarani.

Mama Msafara, Ngamiani

Niongeze la mwisho. Mkishapita Horohoro, kabla ya Duga, utingo apite na kikapu kimoja: kila kitu kisicho na mwenyewe kilichookotwa chini ya siti kiingie humo na kitangazwe basi likiwa linatembea. Mkingoja hadi Amboni wameshaanza kushuka. Karatasi ya hesabu ya fedha zilizobaki isomwe hapohapo, tarakimu kwa tarakimu, na mweka hazina na wajumbe wawili wasaini wakiwa wote bado wameketi.