Mrejesho: Takwa na Manda Toto kwa siku moja kutoka Amu

Wadau, niliuliza kama inawezekana kutoka Amu (Lamu) mjini asubuhi, kuona Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, na kisiwa kidogo cha Manda Toto, na kurudi kabla ya magharibi, tena nikiwa na mama ambaye ni mtu mzima. Tumeenda na tumerudi salama. Inawezekana, ila ratiba hupangwa na maji kujaa na kupwa.

Hori, yaani mkono wa bahari, la kuingilia Takwa ni jembamba, mikoko huku na huku, na boti hupita vizuri maji yakijaa tu. Nahodha hakutuficha: "Mama, zunguka upesi, maji yashaanza kutoka." Mama wala hakujali. Alisimama kwenye msikiti wa Ijumaa akitazama ile nguzo iliyo juu ya ukuta wa kibla, kisha akaenda kwenye kaburi la nguzo, ambako watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Amu, huja kuomba mvua. Mji ulihamwa karne ya 17. Sasa ni kuta za matumbawe na mibuyu.

Manda Toto hakuna duka wala hoteli, kwa hiyo bebeni maji ya kunywa na kofia. Vijana walizamia kutazama samaki, sisi tukala samaki aina ya changu wa kuchoma kwa ndimu chini ya turubai. Bei patana kabla hujapanda, chakula kikiwemo.

Siyu, mji wa kale kisiwani Pate, hatukuifika, ni mbali kwa siku moja. Anayejua boti ya abiria ya Pate hutoka saa ngapi wakati wa bamvua (maji makuu), anijuze.