Naomba ushauri: bikaboneti iko chini, potasiamu iko juu, nimpe mboga gani?

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma, naomba msaada kwa wenye uzoefu na lishe ya wagonjwa wa figo.

Mgonjwa ana kilo 60, eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu) 27, hajaanza dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine). Bikaboneti ya damu, ile inayopunguza makali ya tindikali mwilini, ilikuwa 18 (tunataka angalau 22), potasiamu 5.3. Chakula chake ni ugali na dagaa wakavu, mchana na usiku. Gramu 100 za dagaa hao zina protini karibu gramu 60, na salfa iliyomo kwenye protini ndiyo inayogeuka tindikali ambayo figo dhaifu zinashindwa kuitoa.

Tumeshusha protini yote hadi gramu 48 kwa siku, yaani 0.8 kwa kila kilo. Tukaongeza sodiamu bikaboneti miligramu 500, vidonge viwili mara tatu kwa siku. Bikaboneti ikafika 20, lakini miguu imeanza kuvimba na presha imepanda, kwa hiyo sitaki kuongeza dozi. Magadi kwenye maharage tumekataza kabisa: ni sodiamu ileile, tena bila kipimo.

Njia iliyobaki ya kupunguza tindikali ni mboga na matunda. Mchicha na matembele yanakatwakatwa, yanachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa ili kupunguza potasiamu. Sasa, sitrati na malati, yaani chumvi za asili za mboga na matunda zinazopunguza tindikali, si zinamwagika pamoja na maji hayo? Inabaki faida yoyote?

Na kwa potasiamu ya 5.3, mngeanza na nanasi au kabichi, kiasi gani kwa siku, na kurudia kipimo baada ya muda gani?