Filamu za Kinaijeria na imani ya vijana: nianzie wapi?

Mlezi_wa_Vijana: Habari zenu wakuu. Vijana wangu kanisani wanaamini kila tajiri katoa kafara, na ushahidi wao ni filamu za Kinaijeria. Nilijadili vipi bila kupiga marufuku?

Kandambili: Anza na chimbuko, mkuu. Filamu ya Living in Bondage ya 1992, kwa Kiigbo (lugha ya Nigeria), iliuzwa kwa kanda za VHS. Mhusika mkuu, Andy, anamtoa mkewe Merit kafara, anatajirika, mzimu unamwandama hadi anapata wazimu, kanisa ndilo linalomwokoa. Mkondo huo umerudiwa mno hadi watu wanauona kama taarifa ya habari.

Mama Neema: Usionyeshe filamu nzima, muda utaisha wakiwa na msisimko tu. Chukua kipande cha dakika 7 hadi 10 cha kutoa pepo. Kionyeshe mara mbili, ya pili bila sauti. Hofu nyingi hubebwa na muziki, wataligundua wenyewe. Kisha someni Marko 1:23-26. Yesu anakemea kwa maneno machache, basi. Kwenye filamu ni makelele marefu na nyota ni mchungaji!

Kandambili: Ila usiwacheke kuhusu uchawi, watanyamaza na mjadala utakufa. Waulize: katika hadithi hii, rushwa iko wapi? Mtaji je? Urithi? Yaani njia nyingine za kupata utajiri ambazo filamu haizitaji.

Mama Neema: Na Ayubu 1:1-3. Ng'ombe jozi 500, ngamia 3,000, na bado mcha Mungu.

Mlezi_wa_Vijana: Shukrani. Jumapili naanza na hicho kipande bila sauti.