Ukoo wa Chumbageni: Salma na wanawe wamekwenda kuona vijibwa vya theluji

*Jumamosi, saa 1 usiku (Tanga)*

Salma: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Huku Alaska ndio kwanza saa mbili asubuhi, tunatoka Anchorage. Idrisa kapata mapumziko, tunawapeleka watoto hifadhi ya Denali kuona watoto wa mbwa wavuta sleji, ule mkokoteni wa kuteleza juu ya theluji. Tunalala huko, kesho jioni tunarudi inshallah.

Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam, marahaba. Kuona nini?

Salma: Watoto wa mbwa, Shangazi 🙈

Shangazi Mwajuma: Mnachoma mafuta kwenda kuona mbwa! Hapa Chumbageni wamejaa jalalani na hakuna kiingilio.

Juma (Moshi): 😂😂😂 Shangazi bwana

Mjomba Hamadi: Kilomita ngapi?

Idrisa: Kama 380 kwenda, Mjomba. Lami mwanzo mwisho.

Mjomba Hamadi: Tanga–Dar na cheche. Jaza tenki. Usimwamini mtu akikwambia mbele kuna kituo.

Idrisa: Hilo nimelisikia hata kwa wenyeji. Ukishapita Trapper Creek mafuta ni ya kubahatisha mpaka Cantwell, na mtandao unakatika. Tukinyamaza msihangaike.

Zai: Bibi yuko kwenye uradi, nimemsomea. Anauliza watoto wamevaa masweta?

Salma: Ni Juni mwambie, nyuzi 15 hivi. Lakini wamevaa.

Zai: Anasema nyuzi 15 ndiyo baridi yenyewe.

*Jumamosi, saa 2:20 usiku*

Salma: [Picha]
Tumesimama Wasilla, kwenye makao ya mashindano ya Iditarod. Haya ni yale ya mbwa ya kila Machi tuliyowatumia video, yanayoanzia kwetu Anchorage na kwenda mpaka Nome, karibu kilomita 1,600. Huyo mbwa kwenye kioo ni Togo. Alikufa zamani, ngozi yake ndiyo imekaushwa hivyo.

Shangazi Mwajuma: Audhubillahi. Wamemkausha!

Salma: Ana sababu ya kukaushwa. Mama akimaliza uradi mwambieni hii ni habari yake hasa. Januari 1925 mji wa Nome uliingiwa na dondakoo. Bandari imeganda, ndege za wakati huo haziwezi kuruka kwenye baridi ile. Dawa ikapandishwa treni mpaka kijiji cha Nenana, na kutoka hapo ikabebwa na mbwa, waendeshaji 20 wakipokezana, zaidi ya kilomita 1,000, kwa siku tano na nusu. Togo na bwana wake Leonhard Seppala ndio waliokimbia kipande kirefu na cha hatari kuliko wote, wakakata juu ya barafu ya bahari. Mbwa mwingine, Balto, akamalizia, ndiye aliyejengewa sanamu New York.

Juma (Moshi): Yaani aliyemalizia ndiye kapewa sanamu.

Idrisa: Kama kwenye mpira tu. Anayefunga ndiye anayebebwa mabegani.

Zai: Bibi kachukua simu yake mwenyewe, jiandaeni.

Mama: Nimesoma. Hiyo dawa walihifadhi vipi

Salma: Waliifungia kwenye manyoya na mablanketi, Mama. Taabu yao haikuwa joto, walikuwa wanaogopa isigande.

Mama: Ndiyo nilichotaka kujua. Watu wanadhani baridi haiharibu. Mimi nimechanja watoto pale kliniki miaka yangu yote, DPT, chanjo ya hilo dondakoo, ikiganda imekufa. Tulikuwa tunatikisa kichupa tunaangalia inavyotuama. Ikituama haraka na chini kuna mabonge unaitupa, hata mama mtu akilia foleni nzima. Na hao wako walikuwa na friji ya nchi nzima, lakini ya kugandisha

Mama: Dondakoo si mchezo. Linaziba koo mtoto anahangaika pumzi. Kizazi chenu hamjaliona kwa sababu ya sindano

Mama: Basi nendeni mkawaone

Juma (Moshi): Mwamuzi kapuliza filimbi. Shangazi umesikia?

Shangazi Mwajuma: Nimesikia. Kuona ni sawa. Kushika je? Najisi haina udugu na dondakoo.

*Jumamosi, saa 5:40 usiku*

Idrisa: [Picha]
Mtandao umerudi kidogo. Hapa ni Denali Viewpoint South, kituo cha kutazamia mlima. Mlima wenyewe uko nyuma ya hilo wingu.

Juma (Moshi): Wingu naliona. Hongereni.

Idrisa: Ana mita 6,190 bwana, anampita Kili wako kwa 295.

Juma (Moshi): Kaka, Kili ukisimama Moshi asubuhi unamwona na kofia yake. Huyo wako anaogopa nini?

Idrisa: Wenyewe wanasema wageni watatu wakija, mmoja tu ndiye anayemwona. Anatengeneza mawingu yake mwenyewe.

Juma (Moshi): Na siku hizi anaitwaje? Nasikia wamerudisha jina la zamani.

Idrisa: Serikali ya Washington tangu 2025 inaandika McKinley. Hifadhi imebaki Denali. Watu tunaokaa nao hapa, sijamsikia anayesema McKinley isipokuwa kwa mzaha.

Juma (Moshi): Swali la kazi. Nani alitangulia kufika kileleni?

Idrisa: 1913. Walikuwa wanne, wa kwanza kukanyaga kilele ni Walter Harper, kijana wa huku huku, mama yake Mwathabaska, kabila la wenyeji wa Alaska. Na mmoja wa wale wanne, Harry Karstens, ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi, na ndiye aliyeanzisha banda la mbwa tunalokwenda kuliona.

Juma (Moshi): Afadhali huyo Harper kaandikwa. Sisi Mzee Lauwo, mwongozaji wa Kili, tulisubiri karibu miaka mia ndipo watu wakaanza kulitaja jina lake pamoja na la Hans Meyer, yule Mjerumani aliyeandikwa wa kwanza kileleni. Haya lala barabarani salama, mimi kesho nina wageni Marangu.

*Jumapili, saa 12:15 asubuhi*

Mjomba Hamadi: Nimeamka kuswali nikakuta mazungumzo. Mwajuma, la mbwa lina ufafanuzi. Kwetu Shafii mate yake ni najisi nzito, unaosha mara saba na moja ya hizo kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Akimgusa manyoya makavu kwa mkono mkavu hana neno. Na kumfuga kwa kazi, kuwinda au kulinda mifugo, kumeruhusiwa. Hata As-habul Kahf, wale vijana wa pangoni kwenye Qur'ani, walikuwa na mbwa wao mlangoni kanyoosha miguu ya mbele.

Shangazi Mwajuma: Kaka, mbwa na mkono mkavu wapi na wapi? Mbwa ni ulimi.

Mjomba Hamadi: Hapo sina jibu 😄

Salma: Mtoto wa mbwa ndiyo ulimi mtupu 😂 Tumebeba chupa ya maji, na mchanga uko tele. Huku saa hizi ni saa moja na robo ya jioni ya Jumamosi, jua liko juu kabisa. Maghribi inaingia saa sita ya usiku imeshapita. Tunakusanya swala za safari, vinginevyo hatulali.

Mama: Mmefika salama

Salma: Tumefika Mama, alhamdulillah. Tumepiga hema ndani ya hifadhi. Njiani tumeona moose na ndama wake kando ya barabara, ni paa mkubwa kuliko ng'ombe. Idrisa kasimamisha gari mpaka wakavuka. Na tumepita hoteli moja iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya barafu, ghorofa kabisa, iko peke yake porini. Haijawahi kupokea mgeni hata mmoja. Mwenyewe alijenga, ikakwama kwenye ukaguzi, imebaki hivyo hivyo inaoza.

Mjomba Hamadi: Kumbe vibali vinawatesa na huko.

Salma: Na mbu! Mama, mbu wa huku wanaonekana kwa macho wakija.

Mama: Neti mnayo

Salma: Hema lina wavu wake. Hawana malaria hawa, wana shida ya kung'ata tu.

Shangazi Mwajuma: Mbu asiye na malaria ananing'atia nini sasa.

Idrisa: Nimeendesha hadi mto Savage, mwisho wa gari binafsi, kilomita 24 tu ndani. Hifadhi ina kilomita za mraba zaidi ya 24,000, Mjomba, Serengeti ni 14,763, na barabara ni hiyo moja. Anayetaka kwenda ndani zaidi anapanda basi la hifadhi. Mlima ulikuwa unaitelemsha hiyo barabara pale Pretty Rocks, karibu katikati, mpaka 2021 wakaifunga hapo, kisha wakaanza kujenga daraja.

Mjomba Hamadi: Ardhi ya barafu ikiyeyuka chini haina msingi. Barabara ya mlima Kitonga afadhali, mwamba unauona.

Idrisa: Ndiyo sababu yenyewe hiyo hiyo. Lakini uwazi wa hapa, Mjomba, siwezi kuutia kwenye picha. Miti ni ile myembamba ya misonobari bondeni, ukipanda kidogo inaisha yote, inabaki nyasi fupi na mawe na mto wa kijivu umegawanyika vijito chungu nzima. Hakuna nguzo ya umeme wala paa la nyumba, na gari halisikiki. Watoto walikaa kimya wenyewe, jambo ambalo hamjaliona.

*Jumapili, saa 3:50 usiku*

Salma: [Picha] [Picha] [Picha]
Haya! Onyesho la saa nne asubuhi limekwisha. La kwanza ni banda, kila mbwa ana kibanda chake cha magogo na jina lake limeandikwa. La pili ndio WENYEWE. La tatu ni Nuru analia kwa sababu imetubidi tuondoke.

Zai: Jamani hicho cha masikio moja juu moja chini 😭😭

Juma (Moshi): Macho hayo ni ya bluu?

Salma: Baadhi. Hawa si wale wa kwenye kalenda, ni Alaskan husky, mchanganyiko wa kazi. Miguu mirefu ya kukanyagia theluji nzito, manyoya mazito, nyayo zilizobana zisishike barafu katikati ya vidole. Askari wa hifadhi katueleza kwamba wanachagua uzazi kwa hayo, sura haimo kwenye hesabu.

Mama: Hizo kazi ni kazi gani siku hizi

Salma: Doria Mama. Karstens aliwaleta miaka ya 1920 kufukuza majangili waliokuwa wanamaliza kondoo wa mlimani. Mpaka leo katikati ya hifadhi injini haziruhusiwi, kwa hiyo wakati wa baridi mbwa ndio gari. Wanapeleka mizigo, wanafungua njia, wanabeba vifaa vya watafiti. Hakuna hifadhi nyingine ya taifa Marekani yenye banda la mbwa wa kazi kama hili.

Idrisa: Niwaambie kilichonishika mimi. Askari anatoka na mikanda mkononi, mbwa wote wanapanda juu ya mapaa ya vibanda wanapiga kelele: mimi! mimi! Anachagua wachache. Wasiochaguliwa wanalia kama wameonewa. Waliofungwa wanaruka, wanang'ata kamba, huwezi kusikia mtu wa pembeni yako. Breki inaachiwa, na papo hapo kimya. Unasikia miguu na kokoto tu. Wanazunguka uwanja na mkokoteni wa magurudumu, maana theluji hakuna.

Mjomba Hamadi: Hatamu iko wapi?

Idrisa: Hakuna hatamu Mjomba. Ni sauti. "Gee" kulia, "haw" kushoto. Wa mbele wanasikiliza, wale wa nyuma karibu na sleji ndio wenye misuli, wanazungusha mzigo kwenye kona.

Mjomba Hamadi: Dereva na utingo. Na hivyo vidogo vinafundishwa lini?

Salma: Majira yao ya kwanza ya baridi havifungwi. Vinaachiwa vikimbie huru kando ya wakubwa, vinaingia theluji vinatoka, mpaka vyenyewe vitake kufungwa.

Mama: Hiyo ndiyo malezi

Shangazi Mwajuma: Sasa swali langu. Kimewalamba?

Salma: Vidogo vilikuwa ndani ya uzio. Kamlamba mkubwa mmoja, mkono wa Nuru wote mpaka kiwiko.

Shangazi Mwajuma: NILISEMA

Idrisa: Tumeosha saba, moja kwa mchanga wa mtoni. Mzungu mmoja mzee alisimama kutuangalia, akauliza kama mtoto ana mzio. Nikamwambia hapana, ana Shangazi.

Juma (Moshi): 😂😂😂😂 nimekufa

Mama: Salma kile chenye sikio moja chini kinaitwaje

Salma: Sikulishika jina Mama. Lakini hifadhi wana kamera mtandaoni, kiangazi wakiwa na vitoto wanaonyesha moja kwa moja. Zai mtafutie.

Zai: Mama mdogo nilishamtafutia tangu asubuhi. Kamaliza bando langu la wiki.

Mama: Wamelala tu muda mwingi

Mjomba Hamadi: Wakizeeka wanawapeleka wapi?

Salma: Wakifika miaka tisa wanastaafu, wanapewa watu wa kuwalea. Na hapo ndipo balaa limeanzia. Nuru kasikia, kashika fomu toka saa ile haiachi.

Shangazi Mwajuma: Fomu ya nini?

Idrisa: Ya kuomba mbwa mstaafu. Wanataka familia inayoishi kwenye baridi na inayopenda kutembea sana nje. Nimemwambia sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Kaniambia mbwa ana miguu.

Mama: Mwambieni bibi yake kasema paka

Salma: Paka tunaye Mama, kachana kochi lote.

Juma (Moshi): Na mlima mmeuona?

Idrisa: Mtandao unakatika hapa

Juma (Moshi): Idrisa

Juma (Moshi): Idrisa mlima