Nipandishe bei ya vyumba kiasi gani wiki ya mashindano?

mwenye_vyumba_14
Wakuu, naomba mawazo, hasa ya walio kwenye biashara ya kulaza wageni. Nina gesti ya vyumba 14, na uwanja utakaochezewa mashindano uko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tangu ratiba itoke, simu haipoi. Jirani mwenye hoteli ameshatangaza mara sita ya bei yake ya kawaida. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeshika daftari, anataka tumfuate. Mimi nimeweka mara mbili, na bado usiku nageukageuka: nimejipunja au nimewapunja wageni?

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Watu wanne walibuki kabla ya droo, kwa bei ya zamani, na arbuni wameshatuma. Mdogo wangu anasema niwarudishie pesa, nisingizie hitilafu ya mfumo, halafu nivitangaze upya vyumba vyao. Mmoja wao ni mzee anayekuja kila mwaka. Hata kitasa cha chumba namba 3 ni yeye aliyenitengenezea.

mapokezi_usiku
Hao wanne usiwaguse. Ukishapokea arbuni na kuthibitisha, mmepatana, na kupanda kwa soko si hitilafu. Nimekaa mapokezi miaka tisa, na maamuzi ya aina hiyo hufanywa na bosi mchana, kisha anayekutana na mgeni saa sita usiku, karatasi mkononi na watoto wamelala juu ya mabegi, ni mimi. Bosi wakati huo kazima simu.

Bei ya vyumba vilivyobaki ni yako. Iandike mapema, yote, pamoja na kodi na ada, isiwe mtu anasoma hii mtandaoni na kusomewa nyingine akifika.

shabiki_jukwaa_la_nyuma
Mimi ni wa upande wa pili. Niliwahi kufutiwa chumba kwa "matengenezo ya dharura". Siku ya tatu nikakiona kilekile, picha zilezile, hadi pazia lenye doa, kwa mara nne ya bei. Bei kubwa niliyoiona tangu mwanzo sijawahi kuikasirikia hivyo. Naikataa, natafuta pengine.

Na msidhani hatuna pa kwenda. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya 2018 kule Kyiv, hoteli zilipaisha bei hadi wenyeji wakaanza kuwakaribisha mashabiki majumbani mwao bure.

hesabu_kwanza
Dada (au kaka, samahani), acha huruma kando kidogo tupige hesabu. Kwa mara sita, jirani yako akijaza chumba kimoja kati ya sita tayari kapata mapato ya hoteli nzima iliyojaa kwa bei ya kawaida. Ndiyo maana anathubutu. Wewe kwa mara mbili unahitaji vyumba 7. Kwa simu hizo, utavijaza.

Ila usijidanganye kuwa mara mbili yote ni faida. Kuna malipo ya ziada kwa wafanyakazi wa usiku, mlinzi wa pili, mashuka yanayofuliwa kila siku. Andika gharama hizo kwanza, ndipo ujue ongezeko lako hasa ni lipi. Na tahadhari: kabla ya Olimpiki ya Paris 2024 bei zilipaa mapema mno, michezo ilipokaribia hoteli nyingi zikazishusha kwa sababu vyumba vilikuwa bado vitupu. Aliyelipa mapema kwa bei ya juu alijisikiaje?

Jambo la mwisho: usimlazimishe mtu wa mechi moja alipie siku tano. Hiyo nayo ni bei iliyofichwa.

mwenye_vyumba_14
Asanteni. Ni dada, na hujakosea.

Nimekaa na daftari usiku huu. Gharama za ziada zinakula karibu robo ya ongezeko langu, sikuwa nimeliona hilo. Nabaki mara mbili, kuanzia usiku mmoja, na ubao wa bei unatundikwa mlangoni kesho. Wale wanne nimewapigia simu kuwaambia vyumba vyao viko palepale. Mzee aliniuliza kwani kulikuwa na wasiwasi gani, nikakosa la kujibu, nikamuulizia hali ya mguu wake.

Mdogo wangu amenuna. Vyumba 10 vimebaki, anayehitaji aseme.