iPhone 12 mtumba, Samsung A55 mpya au Tecno Camon 30: ipi itanifaa kwa barua pepe za kazi?

Bi Forodha

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Nusu ya siku niko ofisini kwenye kompyuta, nusu niko juani yadi nikifuatilia kontena. Barua pepe kwangu ndiyo kazi yenyewe. Wauzaji wa wateja wetu wengi wako China na kule wametutangulia saa tano, kwa hiyo nikifumbua macho saa kumi na moja alfajiri kwao ni saa nne asubuhi, wameshatuma BL (hati ya mzigo wa meli), invoisi na paking listi. Saa moja mteja ananipigia kuuliza kama nimeziona.

Simu niliyonayo (jina naliacha tusije tukaanzisha ligi) inaleta barua pepe inapojisikia. Kimya asubuhi nzima, nikiifungua Outlook ndiyo zinamwagika zote kwa mpigo. Juzi mteja katuma marekebisho ya BL saa tatu, mimi nayaona saa saba, nyaraka za zamani zimeshatangulia. Mnaojua storeji ya mzigo bandarini inavyohesabiwa mtanielewa.

Bajeti isizidi milioni moja na laki moja. Nimezunguka Kariakoo nimebaki na tatu: iPhone 12 iliyotumika, Samsung Galaxy A55 mpya na Tecno Camon 30 mpya.

Nataka laini mbili zikae (Voda ya M-Pesa, Airtel ya ofisi), chaji ifike usiku hata nikiiwashia laptopu hotspoti, kioo kisomeke juani, na picha ya sili ya kontena itoke namba zinasomeka. Gemu sichezi.

Mwenye uzoefu na mojawapo aseme na ubaya wake pia. Natanguliza shukrani.

Chuma cha Reli

Siti ya mbele. Hata mimi nina swali hilohilo ila bajeti yangu haitajiki mbele za watu.

Kinyamkera

Mkuu chukua iPhone usijiulize mara mbili. Ilitoka 2020 na mpaka iOS 26 imo. Nitajie Android ya 2020 ya bei ya kawaida ambayo bado inapokea toleo jipya. Halafu mteja akikuona na iPhone hata bei hakubani.

Baba Pili

Kwenye masasisho umesema kweli. Kwenye mteja umetia chumvi. Kontena linatoka kwa nyaraka, halitoki kwa tufaha lililo mgongoni mwa simu.

Mtu wa TEHAMA

Mkuu, kabla hatujashindanisha simu nijibu hili: barua pepe ya ofisi yenu inakaa wapi? Microsoft 365? Gmail ya kulipia? Au ile inayokuja na tovuti ya kampuni, unaingia kupitia webmail?

Nauliza kwa sababu majibu yanapinduka kabisa. Kama ni ile ya seva ya tovuti (IMAP), ukiiweka kwenye Mail ya iPhone haisukumiwi barua, inakwenda yenyewe kuchungulia, na muda mfupi kabisa inaokuruhusu kuchagua ni kila dakika 15. Gmail ukiiunganisha kwenye hiyo hiyo Mail ya Apple ni vilevile, mpaka uweke programu ya Gmail yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza akanunua iPhone ya milioni tatu na bado BL ikachelewa. Android kwa IMAP kuna K-9 Mail, na Thunderbird iliyozaliwa humo mwaka 2024, zinashika muunganisho na barua inaingia papo hapo.

Na kama kuna mtu aliwawekea POP, mwambieni aitoe. Inashusha barua kwenye kifaa kimoja, vingine vinabaki vinashangaa.

Bi Forodha

Mimi ni dada, lakini u-mkuu naupokea. Ni Microsoft 365. Kwenye simu natumia Outlook, na kuingia lazima nijaze namba kwenye Authenticator, ile programu ya kuthibitisha kwamba ni mimi.

Mtu wa TEHAMA

Samahani dada. Basi upande wa barua pepe simu zote tatu ni ngoma droo. Seva ya Microsoft inaituma arifa kwenye Outlook ile dakika barua inapoingia, iwe iPhone iwe Android. Kinachokukwamisha ni hiyo simu yako kuilaza Outlook ili kuokoa betri. Android nyingi zina tabia hiyo kwa viwango tofauti. HiOS ya Tecno, HyperOS ya Xiaomi, hata One UI ya Samsung ina orodha yake ya programu zinazolala.

Kabla hujatoa hata mia, jaribu hivi usiku huu. Mipangilio, programu, Outlook, betri, weka bila vizuizi. Kama simu yako ina sehemu ya kuruhusu programu kujiwasha yenyewe, iruhusu Outlook. Halafu ile hali ya kuokoa chaji usiiache imewaka usiku kucha.

Pia muulize mtu wenu wa IT kama kampuni inadai simu isajiliwe kwao. Wakidai, kwenye Android utatengenezewa wasifu wa kazini: Outlook na Teams zinakuwa na alama ya kimkoba, jioni unazizima kwa kubonyeza sehemu moja, na siku ukiacha kazi wanafuta upande huo tu, picha za mtoto wako zinabaki. iPhone inalinda data za kampuni pia, ila huoni mgawanyo wa namna hiyo kwa macho. Mimi binafsi, kwa mtu anayetumia simu yake kwa kazi ya watu, hiyo peke yake inanifanya niegemee Android.

Mzaramo Original

Mbona hakuna aliyeitaja Huawei? Kamera zao moto.

Baba Pili

Moto kweli, ila tangu 2019 simu zao mpya zinatoka bila huduma za Google. Unaweza kuzungukazunguka mpaka zikakubali. Dada wa watu anataka BL saa kumi na moja alfajiri wewe unampa mtihani wa kuzunguka.

Fundi wa Aggrey

Nimechelewa, nilikuwa na kazi mezani. Nizungumzie hiyo iPhone 12 maana ndizo ninazofungua kila siku.

Simu yenyewe nzuri, simkatishi mtu tamaa. Lakini betri yake ikiwa mpya kabisa ni 2815 mAh. A55 na Camon 30 zote ni 5000. Iliyotumika haina hata hiyo 2815, na hotspoti ya laptopu itaimaliza kabla ya adhuhuri. Apple wenyewe wanasema betri za hizo simu zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 500 kamili. Sasa simu ya 2020 muuzaji anakuonyesha afya ya betri asilimia 100 na anatabasamu. Jiulize imetoka wapi. Betri imebadilishwa, au namba imechezewa.

Ukiamua kuichukua, usitoke dukani hujafanya haya. Ingia mipangilio, sehemu ya jumla, kisha kuhusu simu. Shuka chini usome historia ya vipuri: kwenye 12 itakutajia betri, kioo na kamera, na kama kimoja siyo cha Apple itakwambia hakijulikani. Hapohapo angalia mstari wa kufungwa kwa mtandao, uandike kwamba hakuna vizuizi vya SIM, maana nyingine zimefungwa kwenye mitandao ya huko zilikotoka. Kisha ifute simu yote mbele ya muuzaji na uiwashe upya. Ikiomba akaunti ya iCloud ya mtu usiyemjua, mrudishie uondoke, hata akikwambia kijana wake ataifungua kesho.

Simu yoyote ile, piga *#06# ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, na dai risiti ya EFD. Waliokuwepo Juni 2016 wakati TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inazima simu feki wanakumbuka watu walivyolala na simu wakaamka na kioo cha kujitazamia.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalifikirii: laini. iPhone 12 za kawaida zina sehemu ya laini moja, ya pili inakuwa eSIM, laini iliyo ndani ya simu yenyewe isiyochomoleka. (Zile za China bara na Hong Kong zinakula laini mbili, ila kuzipata ni bahati. Na tahadhari kwa mtu anayepanda juu zaidi: iPhone 14 za Marekani hazina sehemu ya laini kabisa.) Sasa wewe M-Pesa yako ukiiweka eSIM, siku simu imezima chaji huwezi kuchomoa laini ukaitia kwenye kiswaswadu ukatoa hela. Kwa maisha yetu haya hilo ni jambo kubwa.

Kinyamkera

Hapo kwenye kiswaswadu umenimaliza fundi. Narudi nyuma hatua moja, moja tu.

Kijana wa Mbagala

Nimtetee Tecno maana naona anapitwa kama hayupo. Camon 30 kioo ni inchi 6.78, PDF unaisoma bila kuvutavuta. Chaji ya wati 70 na chaja iko ndani ya boksi. Umeme ukirudi kidogo, muda wa kunywa chai unaondoka na chaji ya jioni yote. Vipuri viko kila kona na Carlcare, mafundi rasmi wa Tecno, wapo. Na bei, ukimaliza kulipa unabaki na nauli ya mwezi mzima.

Baba Pili

Yote kweli. Ila simu ya kazi mimi naitazama kwa masasisho ya usalama, maana ndani yake kuna Authenticator, benki na barua za wateja. A55 ilipotoka Machi 2024 Samsung waliiahidi matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, kwa hiyo inakwenda mpaka 2029. Tecno kwenye daraja hilo hawajafika huko. Atakayeongeza hela kidogo aangalie A56 ya 2025, hiyo ni miaka sita.

Eastlando

Salamu kutoka Nairobi. A55 ndiyo natumia kazini, mimi ni wa mauzo, niko nje kutwa. Jua la saa saba haliisumbui, mwangaza wa kioo unapanda mpaka niti 1000. iPhone 12 kwa kawaida ni 625, na mke wangu anayo, tukiwa nje huwa anaifunika na kiganja ndipo asome.

Ubaya wake, kwa kuwa umeuliza: ni nzito, gramu 213, kwa mkoba mdogo utaisikia. Ukitaka kuweka memori kadi inakula nafasi ya laini ya pili, kwa hivyo chukua ya GB 256 moja kwa moja usahau mambo ya kadi. Na ukiipata tu ingia kwenye betri, uiweke Outlook kwenye orodha ya programu zisizolala kamwe. Usipofanya hivyo baada ya muda nayo italeta usingizi, hakuna malaika hapa.

Kwa sili usiisogeze simu karibu sana, inakataa kushika. Simama hatua moja nyuma uvute mara mbili.

Bi Forodha

Nimerudi na mrejesho. Nilifanya alivyosema Mtu wa TEHAMA. Alfajiri simu imelia yenyewe, barua za Ningbo kule China zimeingia bila kufungua kitu. Aisee! Muda wote huu nilikuwa nailaumu Airtel.

Simu mpya bado naitaka kwa sababu kioo hiki kina ufa na betri inafika saa nane hoi. Ila sasa nachagua bila presha. iPhone naiacha, hoja ya laini na betri imetosha. Nilikuwa nayumba kati ya Tecno na Samsung, lakini IT wamethibitisha kwamba kuanzia mwezi ujao simu zote zitasajiliwa, na kwa hilo nataka yenye masasisho marefu. A55 ya GB 256, wameniachia ndani ya bajeti na waranti. Jumamosi naifuata.

Mtu wa TEHAMA

Uamuzi mzuri. Usiifute simu ya zamani Jumamosi hiyohiyo. Kwanza weka Authenticator kwenye mpya na uisajili akaunti ya kazi upya, uhakikishe unaingia Outlook. Akaunti ya kazi kwa kawaida haihami na nakala pekee, inataka uthibitishe tena, na kama simu ya kuthibitishia umeshaifuta utakaa unamsubiri mtu wa IT mpaka Jumatatu.

Chuma cha Reli

Dada, hiyo ya zamani yenye ufa unaiuza shilingi ngapi? Naulizia rafiki yangu.

Fundi wa Aggrey

Njoo PM Chuma, kioo nitakuwekea mimi.

Bi Forodha, boksi la A55 ndani kuna waya tu, chaja hamna. Inapokea mpaka wati 25, kwa hiyo tafuta chaja ya aina ya C ya wati 25 inayoandikwa PD na PPS, bajeti yake itoe kabisa pembeni. Watakuletea ya elfu tano wakuapie ni orijino. Ichomeke kwenye simu palepale dukani: kioo kisipokuandikia kwamba inachaji kwa kasi sana, mrudishie.